Sahani ya Peke Yake

Watu wakiniuliza mdogo wangu alianza lini kukataa chakula, nawajibu vibaya, maana swali lenyewe linanichosha. Kwani nani alijua? Kwetu msichana akikataa chakula haikuwa habari. Ilitegemea ni chakula gani, na mbele ya nani. Kuku alikuwa wa wanaume na wageni. Sisi wasichana tulimkimbiza uani, tukamnyonyoa, tukampika, tukapeleka bakuli sebuleni, kisha tukarudi jikoni kula mboga. Mayai vivyo hivyo. Msichana wa kula mayai alionekana mlafi tu, na mlafi nani atamwoa?

Lakini uhuru ulipokuja, wasichana waliopitia shule walianza kula kuku waziwazi, tena wakichagua paja, na wamama wakubwa waliumia roho kweli. Kwa hiyo siku ya ubatizo mmoja nyumbani kwetu Busibwabo, mdogo wangu alipoletewa kipande cha kuku akasema, "Hapana, mimi sili," shangazi yetu alipiga vigelegele. Nasema kweli, vigelegele! Alimshika mkono akamzungusha mbele ya wanawake wote. "Tazameni mtoto aliyelelewa," alisema. "Wengine hapa wanakula mpaka shingo." Hao wengine ndio mimi. Nilikuwa na shingo mkononi wakati huo huo.

Mdogo wangu alikuwa ametoka tu kumaliza shule ya msingi, na mtihani hakupita. Alikaa nyumbani akisononeka mpaka mama akachoka kumtazama. Baba yetu alikuwa amekufa zamani, na mama alikuwa na shamba lake la muhogo na mtama la kumtosha taabu. Akamtuma kwangu Malaba. "Kaa naye kidogo," aliniambia. "Atasahau."

Mimi nilikuwa nimeolewa na mtu wa reli ambaye nilimwona mwisho wa mwezi tu, na tulikuwa na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa anaanza kutembea. Nilikuwa na hoteli. Hoteli ni jina tu. Ilikuwa vyumba viwili vya mabati kando ya barabara, pale malori yaliposimama kungoja karatasi za forodha kabla ya kuvuka kuingia Uganda. Mbele mabenchi, nyuma jiko. Madereva, mataniboi wao wa kuwasaidia safarini, maajenti wa kushughulikia karatasi, wote waliingia na njaa zao na vumbi lao, kila mmoja akitaka ahudumiwe kabla ya mwenzake. Niliamka kabla ya jogoo na kulala nikinuka moshi. Ukiniuliza miaka ile ilikuwaje, nitakwambia miguu iliniuma.

Sasa akaja huyu mtoto, na nikashukuru Mungu. Wee, alikuwa mchapakazi! Maji, kuni, sufuria, kufagia, alifanya yote bila kuambiwa, na akimaliza alianza tena. Sikuwahi kumwona amekaa. Na kupika alipenda kuliko mimi. Chapati zake zilikuwa laini hata madereva wa kutoka pwani, watu wa kuringa kwa chapati, walizisifu. Alikuwa anasimama mlangoni akiwatazama wakila, halafu anauliza, "Ni tamu? Niongeze?" Macho yake yalifuata tonge kutoka sahanini mpaka mdomoni. Nilidhani ni furaha ya mpishi.

Sisi wenyewe tulikula nyuma, jikoni, kwa sinia moja: mimi, yeye, mtoto, na mwanamke mmoja wa kabila la Wateso aliyenisaidia kuosha vyombo. Hivyo ndivyo wanawake walivyokula kwetu, na ni jambo zuri, sikatai. Lakini sinia halisemi nani amekula. Mdogo wangu alikata ugali kama sisi, akafinyanga tonge, akachovya, akaongea, akacheka, na lile tonge likaishia mdomoni mwa mtoto wangu. Mtoto alinenepa mpaka watu wakanipongeza. Mimi nilikuwa nakula haraka haraka huku sikio liko mbele kwa wateja. Nani angehesabu mikono ndani ya sinia?

Na kila alichokataa kilikuwa na sababu yake ya heshima. Kuku na mayai tulishazoea. Nyama ya kondoo alisema wanawake hawali, na kweli wapo waliokuwa hawali. Kamongo alisema ni samaki asiye na magamba, bibi yetu hakumla. Kisha ikafika zamu ya maziwa. Alisema yuko katika siku zake, na msichana aliye katika siku zake kwetu hagusi maziwa, asije akaharibu ng'ombe. Shangazi alikuwa amepita siku hiyo akitoka soko la Amagoro, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu ndiye wa mwisho anayeyajua mambo haya," aliniambia. "Wewe ulilelewa na nani?"

Juma lililofuata bado hagusi maziwa. Na lililofuata. Hapo ndipo nikaanza kufikiri. Nguo zote za nyumba ile zilipita mikononi mwangu, na vitambaa vya msichana sikuwa nimeviona kwenye kamba tangu mvua za masika. Nikajua ni mimba. Pale mpakani, na madereva wale, ningejua nini kingine?

Nilimvuta chumbani nikafunga mlango. "Ni nani? Sema ni nani! Ni dereva?" Nilimtikisa. Nilikuwa na hasira, nikiona sura ya mama, nikiona wakisema nimemharibu mtoto wa watu. Basi akavua sweta, maana siku hizo alivaa sweta hata jua likichoma, na chini yake gauni, na chini yake gauni jingine. Akasimama mbele yangu. Hakukuwa na tumbo. Hakukuwa na kitu. Mbavu zilijitokeza, mifupa ya nyonga ilitoka nje, na mikononi alikuwa ameota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Niliketi kitandani. "Woi, mama yangu," nilisema. "Unakufa."

"Sifi," alisema. "Niko sawa, dada. Nimeshiba tu."

Kutoka siku hiyo sikuwa na amani. Kila nilipomwangalia nilimwona amelazwa kwenye jeneza, na nilijua nikizubaa kweli atalazwa.

Shangazi alisema ni jicho. Kwetu wapo watu ambao wakikutazama unakula, chakula kinakwama tumboni kikaozea humo, na wapo wengine wanaojua kukitoa. Tulimpeleka Burumba kwa mama mmoja aliyesifiwa kwa kazi hiyo. Alimlaza kwenye mkeka, akamsugua tumbo kwa samli mpaka ngozi ikawa nyekundu, akafunika kwa jani la mgomba, akafunua, na pale juu palikuwa na vipande vya nyama na punje ya mahindi. Mdogo wangu alivitazama kwa mshangao kuliko sisi sote. Alijua hajala nyama. Lakini kwa kumwonea huyo mama haya alikunywa uji siku hiyo na kesho yake, na sisi tukafurahi, kisha akaacha tena.

Basi nikampeleka hospitali Busia. Daktari alimsikiliza kifua, akapima makohozi akitafuta kifua kikuu, akapima choo akitafuta minyoo. Hakukuwa na kitu. Alikuwa mtu mpole, sina ugomvi naye, alikuwa na foleni mpaka barabarani. Alitupa dawa ya damu kwenye chupa, akaniambia, "Mama, huyu hana ugonjwa. Hakikisha anakula." Ebo! Nimefunga hoteli, nimeomba lifti kwenye lori, nimekula vumbi njia nzima, nije niambiwe ale! Nilicheka pale nje ya hospitali mpaka watu wakanitazama. Mdogo wangu naye akacheka. Tulicheka pamoja, na sikujua tunacheka nini.

Nyumbani wakati huo shangazi alikuwa na mpango wake. Alisema msichana akikaa bila mume damu yake inalala, na dawa ni kuolewa. Alikuwa amepata watu wazuri, wakulima, Wakristo, wenye ng'ombe. Siku wageni walipokuja Busibwabo kumwona, niliitwa nije kupika. Mdogo wangu alivikwa magauni juu ya magauni na kitambaa kichwani kuficha nywele zilizokuwa zinakatika. Akabeba maji ya kunawa, akapiga magoti, akamimina vizuri. Akaleta kuku. Akaambiwa na mama wa kijana anayeposa aketi ale nao, ni mambo ya kisasa sasa, akainamisha uso akasema hapana. Yule mama alimgeukia shangazi. "Huyu amelelewa," alisema. Niliyasikia maneno hayo nikiwa mlangoni na sufuria mkononi.

Wakasema wangemchukua baada ya mavuno. Mama aliinua mikono akamshukuru Mungu. Shangazi akaanza kutaja ng'ombe.

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Nilijaribu kuufunga siku ile, ukanishinda. Nilitua sufuria katikati ya wageni nikasema, "Huyu mtoto hali. Si adabu anayoonyesha, hali kabisa. Mvueni hizo nguo mtaona. Mavuno hayatamkuta. Mnataka kupeana ng'ombe wa maiti?"

Wageni walikuwa watu wa heshima. Walimaliza chai yao, wakaomba njia, na hawakurudi. Shangazi alinitukana mpaka sauti ikamwisha. Alisema ninamwonea mdogo wangu wivu, kwamba nataka abaki awe mtumishi wa bure kwenye hoteli yangu. Mama hakunitukana. Aliketi kwenye kiti kile kile alichokalia mgeni, akaniambia polepole, "Basi mchukue. Umesema mbele ya watu anakufa. Akifa, amefia mikononi mwako."

Tulirudi Malaba nyuma ya lori la pamba, yeye ameegemea bega langu. Hakuwa na uzito.

Nilifikiri sana siku zile huku nikikoroga ugali wa watu. Mteja wangu yeyote ningeweza kukwambia amekula nini na amebakisha nini. Dereva akiacha nusu sahani, nilijua ana homa au ana mambo nyumbani. Ilikuwa ni kazi yangu kutazama sahani ikirudi. Lakini mtu wangu wa damu, anayekula sinia moja nami kila siku, sikujua hata tonge lake moja liliingia wapi. Basi mchana mmoja nikachukua sahani ya bati kule mbele kwa wateja, nikaweka ugali mdogo, wa ngumi ya mtoto, na mchuzi wa njugu kidogo, nikaiweka mbele yake. Mimi na yule mwanamke wa kuosha vyombo tukabaki na sinia.

Kwetu hupewi sahani ya peke yako ndani ya jiko la wanawake isipokuwa una ukoma, au unadhaniwa una uchawi. Yule mwanamke aliacha kula, akatazama pembeni. Mdogo wangu aliitazama ile sahani kwa muda mrefu.

"Dada," alisema. "Umenitenga."

Alilia. Tangu aanguke mtihani hakuwa amelia, na sasa alilia mpaka nikaogopa kifua chake hakitahimili. Nilimwambia sijamtenga. Nilimwambia nataka nione tu, nione kwa macho yangu, kwa sababu naogopa, silali, nimechoka, na akinifia sitajua pa kuweka uso. Na mimi nikalia. Wateja walikuwa wanaita huko mbele na hakuna aliyewajibu.

Ndipo akaniambia. Alisema haukuwa ubishi. Alisema alipokula alihisi kimejaa mpaka kooni, na kichwani kukaanza kelele, kama mtu anamkemea, na kelele hizo hazikukoma mpaka abebe maji, afagie, atembee. Asipokula palikuwa kimya. "Na mtihani sikuweza," alisema. "Kitu hiki niliweza. Nyote mlinisifu." Baada ya hapo akaniomba nisimwambie mtu.

Labda ndiyo sababu, labda siyo. Wapo wasichana wengi walioanguka mtihani mwaka ule na wakala ugali wao jioni. Mimi sikusoma sana, na hata waliosoma wa wakati ule hawakunipa jina la ugonjwa huo. Nilichokielewa ni kimoja tu: mtoto yule alikuwa anaogopa chakula kweli kweli, jinsi mwingine anavyoogopa nyoka, na humponyi mtu hofu ya nyoka kwa kumrushia nyoka.

Kuhusu kilichofuata sitadanganya. Kilikuwa kazi, tena kazi ya kuchosha kuliko hoteli. Sahani ilibaki. Gari la moshi la kwenda Tororo likipita, tunaketi. Uji, au ugali wa ngumi, au ndizi. Niliketi naye mpaka amalize, na akimaliza niliendelea kuketi, maana nilijifunza kwamba akiachwa tu anachukua mtungi na kukimbilia mtoni, anarudi, anakimbilia tena, mpaka kile alichokula kiishe mwilini. Nilimzuia kwenda kuchota maji. Alinichukia. Alinificha ugali chini ya kuni, nikaukuta umekauka na umejaa sisimizi. Siku moja nilirusha mwiko ukutani nikasema afe basi, afe nipumzike, na yule mwanamke Mteso akanitoa nje kwa mkono akanikalisha kwenye gogo, akarudi kuketi naye mahali pangu. Sikumwomba. Kuanzia hapo tulipokezana.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kunyamaza. Akila nilitaka kupiga makofi, na nilipofanya hivyo kesho yake hakula. Asipokula nilitaka kupiga kelele, na nilipopiga ilikuwa vivyo hivyo. Basi nikajifunza kuongea mambo mengine. Dereva aliyekosana na mke wake. Mvua. Nani amevuka na baiskeli mpya kutoka Uganda. Nilikuwa naongea kwa mdomo mkavu, jicho limetazama ukutani, huku nikisikiliza kama kijiko kimegusa bati. Shangazi alipokuja nilimkalisha mbele na kumpa chai, na nikamwambia akifungua mdomo kusifu au kulaumu, nitamtoa na kikombe chake. Alikasirika, lakini alifunga mdomo. Alimpenda yule mtoto, ndiyo maana hata yeye alikuwa amekonda.

Kuna wakati alianguka pale uani, tukampepea tukidhani amekwisha. Kuna wiki alizopanda na wiki alizoporomoka. Hata miaka ya baadaye, akipata matatizo, niliona sweta limerudi, na nikafunga safari nikaenda kuketi naye. Ugonjwa ule haukuaga na kwenda zake, nisimdanganye mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Lakini ipo siku moja ninayoikumbuka. Ilikuwa mchana, daraja la mpakani lilikuwa limefungwa tangu asubuhi kwa sababu nisiyoijua, na malori yalikuwa yamepanga mstari mpaka nisione mwisho. Hoteli ilijaa mpaka watu wanakula wamesimama. Nilikuwa na sahani mkono huu na vikombe mkono huu, jasho linaingia machoni, mtoto analia jikoni, mtu ananivuta kitenge akisema nyama yake ni mifupa tupu. Mdogo wangu akatokea nyuma yangu akaniambia kitu. Sikumsikia. Akasema tena.

"Dada, nina njaa."

"Na wewe ngoja!" nilimjibu. "Huoni watu?"

"Sawa," alisema, akarudi jikoni.

Nilifika meza ya kwanza, nikatua sahani. Nilifika ya pili, nikatua kikombe kimoja. Dereva mmoja mnene alikuwa ananiuliza chai yake iko wapi, anauliza mara ya ngapi sijui, na nikasimama pale katikati na vikombe vimeanza kunimwagikia mkononi, vya moto, na sivisikii. Nilimwambia aende akajichotee mwenyewe. Akaniuliza kama nimepata wazimu. Nikamwambia yeye, na wote waliokuwemo humo ndani, nikilia ovyo mbele za watu, kwamba wanisamehe, wangoje, mdogo wangu ana njaa.